Kitabu cha Siagi Kwenye Mji wa Simsim

Samaki aliyegeuza maisha ya Julia Child aliliwa Rouen, kaskazini mwa Ufaransa, mchana wa tarehe 3 Novemba 1948. Alikuwa samaki bapa wa baharini, amepakwa unga kidogo, akakaangwa kwa siagi hadi akapiga rangi, akaletwa mezani mzima huku siagi bado inatoa sauti na kotimiri imenyunyizwa juu. Aliyemla alikuwa mwanamke wa Kimarekani wa miaka 36, mwenye urefu wa sentimita 188, aliyeshuka melini Le Havre siku ileile pamoja na mumewe na gari lao la buluu. Kifaransa alikuwa hajui cha maana. Kupika vilevile. Ila alipoinuka pale mezani alikuwa ameshapagawa, na zaidi ya miaka hamsini baadaye alikuwa bado analisimulia tukio hilo, katika kitabu kiitwacho My Life in France kilichotoka mwaka 2006.

Kila nikizirudia kurasa hizo njaa hunishika, ingawa samaki wa aina ile sijawahi kumtia machoni. Sisi huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, bahari tunaisikia kwenye redio. Lakini mwandishi hakutosheka kusema kwamba samaki alikuwa mtamu, maana neno hilo halimfikishi msomaji kokote. Anakupa unga, rangi ya siagi, harufu iliyotangulia sahani, mnofu ulivyokaa mdomoni, na mume anayeagiza chakula kwa sababu mkewe haelewi kilichoandikwa kwenye orodha. Ukifika mwisho wa ukurasa unaona kama umeshanawa mikono.

Sehemu kubwa ya kitabu niliisoma Koboko, katika hoteli ndogo karibu na steji ya teksi za Oraba, mahali ambapo gari haliondoki mpaka lijae na mtu mwenye kitabu ana bahati kuliko mwenye saa. Koboko ni mji wa kona. Magharibi ni Congo, kaskazini ni Sudan Kusini, na pale Salia Musala nchi tatu zinagusana. Barabara ya lami ya kilomita 92 inayotoka Vurra, kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, inapitisha unga, sabuni, mafuta na watu mchana kutwa. Hoteli ile inauza chai ya tangawizi, chapati, maharage na samaki mkavu wa angara. Mwenyewe ni mama wa Kinubi ambaye wateja wote tunamwita Hajati. Siku moja akataka kujua kitabu kinasema nini hata nacheka peke yangu. Nikamsomea ule ukurasa wa Rouen, nikiutia kwenye Kiswahili papo kwa papo. Alisikiliza huku anageuza chapati.

"Ndimu aliweka kabla au baada?"

"Nadhani baada, Hajati."

Akatikisa kichwa. "Kabla, mwanangu. Samaki wa kukaanga, ndimu na chumvi ni kabla. Ya baada ni ya kufichia shombo."

Kisha akauliza kama mama huyo alijaliwa watoto. Nikamwambia hapana. "Masikini," akasema, na nikaona kwamba la ndimu alikuwa amelisamehe.

Tangu hapo naamini vitabu vya namna hii vina wasomaji wa aina mbili, walaji na wapishi, na wapishi ndio wanaofaidi zaidi. Mlaji humeza mate. Mpishi hubisha.

Maisha ya huyo mama yanasimulika haraka. Alizaliwa Pasadena, California, mwaka 1912, katika nyumba yenye uwezo na yenye mpishi, ndiyo maana alifika ukubwani hajui kuchemsha kitu kikaiva sawasawa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliajiriwa katika idara ya ujasusi ya Marekani, akapelekwa Ceylon, na huko akakutana na Paul Child, mtu aliyempita miaka kumi, mchoraji na mpiga picha aliyekuwa anajua vyakula. Wakaoana 1946. Miaka miwili baadaye Paul akapangiwa kazi kwenye ofisi ya habari ya serikali ya Marekani mjini Paris, na mke akaandamana naye bila kazi wala mpango.

Kitabu chenyewe kiliandikwa Julia akiwa amebakiza miezi michache ya kuishi. Alikaa na Alex Prud'homme, mjukuu wa pacha wa Paul, akawa anasimulia na kijana anaandika. Alifariki tarehe 13 Agosti 2004, siku mbili kabla ya kutimiza miaka 92, na Prud'homme akaimalizia kazi. Kilichomwokoa ni barua. Paul na Julia walikuwa na desturi ya kumwandikia yule pacha barua ndefu, zenye bei za sokoni, hali ya hewa, walichokula na nani alikuwepo, na barua zile zilikuwa zimetunzwa. Mtu wa miaka 91 anaweza kusahau kabichi iliuzwaje mwaka 1949. Barua iliyoandikwa wiki ileile haisahau. Picha nyingi za kitabu pia ni za Paul, za mitaa na mapaa ya Paris katika nyeusi na nyeupe.

Utamu wenyewe unakolea anapoingia shule. Oktoba 1949 alijiandikisha Le Cordon Bleu, akawekwa darasa la wanaume kumi na mmoja waliokuwa askari wa Marekani na sasa wanasomeshwa na serikali yao kwa sababu walipigana. Jiko liko chini ya ardhi. Mwalimu ni Max Bugnard, mzee aliyepita miaka sabini, mwenye masharubu, ambaye ujanani alifanya kazi London chini ya mpishi mashuhuri Escoffier mwenyewe. Mzee anamwambia mwanafunzi wake mpya apike mayai ya kuvuruga. Julia anayapiga kwa nguvu, anayamwaga kwenye kikaango chenye moto mkali, anageuka kuona kama amesifiwa. Mzee anakataa. Anachukua mayai mengine, anayachanganya taratibu tu, anapaka kikaango siagi, anaweka moto mdogo na kungoja. Kwa muda hakuna kinachotokea. Ndipo anaanza kukoroga, anatoa kikaango motoni, anakirudisha, anakitoa tena, mwisho anatia siagi kidogo ili mayai yasiendelee kuiva. Mayai. Chakula ambacho kila mtu anadhani anakijua.

Nampenda Julia kwa kuwa hakununa. Alikuwa mtu mzima, mke wa ofisa, na bado alikubali kuwa mjinga mbele ya jungu. Mtihani wa kwanza alishindwa. Alikuwa amejiandaa kwa vyakula vigumu, akaulizwa vyepesi vilivyoandikwa kwenye kijitabu cha shule ambacho hakukikariri. Alikasirika, akarudi nyumbani akavipika vyote, akarudia mtihani akapita. Nafahamu watu wenye shahada tatu ambao wasingeliandika jambo hilo kwenye kumbukumbu zao.

Halafu kuna mayonezi. Baridi ya Paris ilipoingia, mayonezi aliyokuwa anaitengeneza bila shida ikaanza kumkatikia bakulini. Badala ya kuacha, akaamua kujua sababu. Akapasha bakuli, akapoza bakuli, akabadilisha mafuta, akaharakisha, akachelewesha. Akagundua kwamba kiini cha yai kina kipimo chake, kimoja kinabeba robo tatu ya kikombe cha mafuta na zaidi ya hapo kinazidiwa, na kwamba mafuta yaingie tone kwa tone mpaka mchanganyiko ushikane. Alitengeneza mayonezi nyingi hata yeye na Paul wakashindwa kuila, ikawa inamwagwa chooni. Kurasa hizo hazina mandhari, hazina mgeni maarufu, wala hazina mapenzi, na mimi ndizo ninazozirudia kuliko zote, maana ni mara chache kumwona mtu akifikiri kwa mikono yake, kosa baada ya kosa, na kila kosa likiwa na jina na sababu.

Mpishi wa Arua hahitaji kutafsiriwa habari hizo. Chukua angara. Ni samaki wa Ziwa Albert na wa mto Nile, hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani, na biashara yake inafika Congo na Sudan Kusini. Ukimpika vibaya ni chumvi na miba mitupu. Hajati humloweka kwenye maji ya vuguvugu, humwaga maji ya kwanza, hutoa magamba na miba mikubwa kwa vidole, ndipo humchemsha na kitunguu na nyanya. Karanga au simsim iliyosagwa haitumbukizwi moja kwa moja sufuriani, kwa kuwa itashikana madonge na kuungua chini. Anachota mchuzi moto kidogo, anautia kwenye bakuli la karanga, anakoroga mpaka ilainike, anaongeza tena, na ikishakuwa nyepesi ndipo huimimina polepole huku mkono wa pili haujaacha mwiko. Moto wa sigiri umepunguzwa kwa majivu, maana karanga ikichemka kwa hasira hufurika na kuzima jiko. Nilipomweleza habari ya yai na mafuta tone kwa tone alisema tu, "Ehe," kama mtu aliyesomewa barua ya jirani.

Au chukua osubi, majani ya kunde ya Walugbara. Majani yenyewe ni magumu na machungu. Wapishi wengi wa huku huyalainisha kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu, kazi inayofanywa siku hizi na magadi ya dukani kwa walio na haraka. Maji yakiwa machache majani hubaki kama kamba, yakizidi mboga huteleza na kuleta ladha ya sabuni. Kipimo kimekaa kwenye jicho la mpishi na rangi ya maji. Kisha hutiwa simsim au karanga, na huliwa na enyasa ya unga wa muhogo na mtama au wimbi, unaosongwa kwa mabega na si kwa viganja. Kama Bugnard angezaliwa Vurra angekuwa na somo zima hapo, na wanafunzi wangeshindwa mtihani wake vilevile.

Jambo moja linatutenga kabisa na Paris ya Julia, nalo ni siagi. Kitabu kizima kinaogelea ndani yake. Katika joto la Arua siagi halisi bila friji ni uji kabla ya saa sita, ndiyo maana juu ya mkate wetu hupakwa Blue Band, inayostahimili kabati. Lakini tuna mafuta ambayo Wafaransa hawakujaliwa. Mshea wa bonde la Nile, unaoota kuanzia West Nile na Acholi hadi Karamoja, unatoa mafuta laini kuliko yale ya shea ya Afrika Magharibi. Wanawake huokota matunda, hukausha kokwa, hupasua, hukaanga, husaga, hukoroga na maji na kuchemsha, kazi ya siku kadhaa kwa chupa chache. Harufu yake ina moshi kidogo. Mzee akiyamimina juu ya mboga ya simsim hapendi kusemeshwa. Na miti hiyo, inayochukua miaka mingi kabla ya kuzaa, inakatwa kila siku kuwa mkaa wa kupikia. Tunachoma mafuta ya kesho ili tupikie mafuta ya leo yaliyotoka dukani.

Msomaji wa Koboko aliye Mwislamu atakutana na vizingiti. Divai imo kwenye nyama, imo kwenye mchuzi, imo kwenye glasi saa sita mchana. Nguruwe hupita mara kwa mara, na ile nyama ya ng'ombe ya Burgundy iliyomletea Julia umaarufu ina vyote viwili. Rafiki yangu mmoja alisoma kitabu chote akifika hapo anafunika ukurasa kwa kiganja, anacheka, anaendelea. Hakulalamika. Aliniambia kilichomsumbua zaidi ni vyura.

Ufaransa, kwa kweli, haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Leopold wa Pili wa Ubelgiji, aliyekuwa anaitawala Congo, eneo la Lado, na West Nile yote ikawa ndani yake. Leopold akafa Desemba 1909, mkataba ukaisha naye, eneo likarudi Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 sehemu yetu ikaunganishwa na Uganda. Mfalme yule angeishi miaka mingine ishirini huenda Arua ingekuwa inasema Kifaransa leo. Hata sasa ukivuka mpaka pale Vurra kwenda Aru ya Congo, mwendo wa dakika chache, ofisa wa forodha anakusalimu kwa Kifaransa, kisha anarudi kwenye Kiswahili au Lingala mkiwa mnazungumza mambo ya maana. Sikumbuki kuona siagi nyingi Aru. Nilichokula ni sombe na samaki, na nilishiba.

Kwa hiyo swali lililonikaa nikisoma Julia Child halikuwa la mbali. Je, kuna mtu wa kwetu, wa Afrika Mashariki, aliyejifunza mapishi ya Kifaransa kwa mikono yake na habari zake zikaandikwa? Yupo. Anaitwa Kamante Gatura.

Kamante alikuwa mtoto wa Kikikuyu mwenye vidonda miguuni, katika shamba la kahawa la Karen Blixen chini ya vilima vya Ngong. Blixen, Mdenishi, aliishi Kenya kuanzia 1914 hadi 1931. Alimpeleka mtoto kwenye hospitali ya misheni ya Waskoti, akapona, akarudi shambani, na baada ya muda akawa mpishi. Blixen mwenyewe, alipokwenda kwao likizo, alikuwa amefundishwa na mpishi Mfaransa wa hoteli moja maarufu, na aliporudi akamfundisha Kamante. Mwaka 1928 mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza alikula katika nyumba ile na akausifu mchuzi. Wageni walikuja kutoka Nairobi kwa ajili ya meza hiyo.

Yote hayo yamo katika Out of Africa, kitabu cha mwaka 1937, na kurasa za Kamante zina vitu ambavyo Julia Child angevilipia. Alipewa kipigio cha mayai kutoka Ulaya, akakiacha kipate kutu, akapiga ute wa mayai kwa kisu cha kupalilia nyasi, na ute ukainuka mweupe kupita wa mtu yeyote. Hakujua kusoma, basi mapishi yote aliyaweka kichwani, na michuzi aliipa majina ya mambo yaliyotokea siku aliyofundishwa: mmoja ulikuwa mchuzi wa radi iliyopiga mti, mwingine mchuzi wa farasi wa kijivu aliyekufa. Nadhani hapa pana funzo la kumbukumbu kubwa kuliko katika vitabu vingi vya mapishi. Wafaransa huuita mchuzi jina la waziri, la mji, la malkia. Kamante aliuita kwa siku yake, na siku ikamrudishia vipimo.

Na chakula hicho hakukitamani. Alikionja kwa kazi, akaenda kula mahindi yake na viazi vyake vitamu. Blixen analistaajabia jambo hilo. Mimi silistaajabii hata kidogo. Fundi cherehani wa Arua anashona suti za harusi mwaka mzima, naye anavaa kaptula.

Kasoro ya kurasa hizo ni kwamba tunamwona Kamante kupitia dirisha la mwajiri. Blixen anampenda, hilo halina ubishi, lakini anamfanya awe kiumbe cha ajabu kidogo, na mara nyingine mtu unataka kumwambia mama huyo asogee pembeni. Baadaye, katika Longing for Darkness ya mwaka 1975, Mmarekani Peter Beard alikusanya masimulizi na michoro ya Kamante mwenyewe, aliyekuwa sasa mzee. Sauti ni nyingine kabisa, kavu zaidi, ya mtu anayejua alifanya nini. Kamante alifariki 1985. Blixen naye, miaka mingi baada ya kuondoka Ngong, aliandika hadithi ya Babette, mpishi wa Kifaransa anayetumia faranga elfu kumi za bahati nasibu kupika karamu moja tu katika kijiji cha baridi cha Norway. Filamu yake ya mwaka 1987 ilipata Oscar. Wasomi watasema wanavyosema. Mimi kila nikimsoma Babette amesimama jikoni kimya, wageni wanakula bila kujua wanalishwa na nani, namwona Kamante.

Mpishi wa pili ana harufu ya nyumbani zaidi, na si harufu njema yote. Mwandishi wa Kipoland Witold Szabłowski alizunguka dunia akiwatafuta waliowapikia madikteta, na kitabu chake, How to Feed a Dictator, kilitoka kwa Kiingereza mwaka 2020. Mmoja wao ni Otonde Odera, Mjaluo wa Kenya. Odera alijifunza kazi kwenye nyumba ya Wazungu, akampikia Milton Obote, na baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 akajikuta anampikia Idi Amin. Alijua keki, supu na nyama za Kizungu kiasi cha kuwatoa jasho mabalozi. Anasimulia siku mtoto wa rais alipokula pilau kupita kiasi akashikwa na tumbo, na baba akaanza kutishia kwamba mtoto akidhurika kuna watu watakufa. Odera akakimbia naye hospitali. Ilikuwa gesi.

Koboko hawakisomi kisa hicho kama watu wa mbali. Ukoo wa Amin ni wa Kakwa wa huku, wapo wazee wanaomtaja bila kupandisha wala kushusha sauti, na wapo wanaobadilisha mazungumzo. Wasifu nyingi za Amin zinasema kwamba alipoingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1946 alianzia jikoni, msaidizi wa mpishi. Nikasoma habari ya Odera nikiwaza hilo. Rais aliyewahi kumenya viazi vya wengine anajua kabisa nini kinaweza kutiwa kwenye chungu, na huenda ndiyo sababu alimlipa mpishi wake vizuri na kumtisha vizuri.

Tofauti ya Odera na Julia ni ya kutisha ukiiweka wazi. Wote wawili walisimulia uzeeni, na wote waliandikiwa na mtu mwingine. Lakini Julia, akiharibu mayonezi, aliimwaga chooni akaanza upya; Odera hakuwa na nafasi hiyo. Hata hivyo, katika kitabu cha Julia pia serikali huingia jikoni. Aprili 1955 Paul aliitwa Washington kutoka kituo chake Ujerumani, wakamhoji siku nzima wakimshuku ukomunisti, kisha wakamwachia. Julia anasimulia hilo kwa hasira iliyobanwa, na ni kurasa zisizo na chakula.

Wapo pia wa kwetu walioandika wenyewe. Yasmin Alibhai-Brown, aliyezaliwa Kampala mwaka 1949, ameandika The Settler's Cookbook, kumbukumbu ya Wahindi wa Uganda iliyosukwa kwa mapishi, na amri ya kufukuzwa ya Agosti 1972 imo kati ya sufuria. Ukikisoma baada ya Julia unaona jambo: Julia anapika ili aingie katika nchi, Yasmin anapika ili nchi isimtoke kabisa. Mwandishi wa namna hiyo wa West Nile bado hajaonekana kwenye rafu yangu. Walugbara wamechunguzwa na wanaanthropolojia tangu siku za John Middleton, aliyeandika kitabu kizima juu ya dini yao mwaka 1960. Chungu chao kimepewa aya. Na wakimbizi wa Yei na Kajo-Keji, Sudan Kusini, walioingia huku kwa maelfu tangu 2016, katika kambi za Bidi Bidi, Rhino na Imvepi, wamepewa mahindi na maharage wakayageuza kuwa kitu cha kwao kwa namna ambayo mwandishi yeyote mwenye njaa angeifuata kwa daftari.

Nirudi kwa Julia, kwa wanaotaka kujua kama kitabu ni cha kununua. Nusu ya kwanza ndiyo bora. Uandishi wa Mastering the Art of French Cooking pamoja na Simone Beck na Louisette Bertholle unasisimua kwa sababu unakataliwa: wachapishaji Houghton Mifflin waliusukuma nyuma mwaka 1959 baada ya miaka ya kazi, hadi Judith Jones wa Knopf akaupika nyumbani kwake na kushawishika, na ukatoka 1961, kurasa zaidi ya mia saba. Televisheni inapoingia, mwaka 1963, simulizi linalegea. Majina yanaongezeka na vyakula vinapungua. Niliruka kurasa kadhaa bila aibu.

Lakini usikiweke chini kabla ya mkate. Kwa ajili ya juzuu la pili, la 1970, Julia na Paul walijaribu kuupata mkate mrefu wa Kifaransa kwa unga wa Kimarekani na oveni ya nyumbani. Walifanya hivyo kwa miaka miwili na pauni 284 za unga, yaani karibu kilo 129. Walikwenda Paris kwa profesa Raymond Calvel, wakaambiwa kila walichofanya kilikuwa kibaya, wakarudi, wakatandaza vigae ndani ya oveni ili chini pawe na moto wa kweli, na wakatafuta njia ya kutia mvuke kwa kitu kilichopashwa moto na kutumbukizwa kwenye maji. Mume mzee na mke mzee, kila mmoja na kinyunya chake, wanashindana.

Nilimsimulia Hajati. Safari hii aliacha chapati. Akauliza unga ulikuwa wa aina gani, ulilala usiku au mchana, na hicho kigae kilikuwa cha udongo au cha dukani. Kisha akaniagiza nimletee karatasi za mkate huo, si kitabu chote, na nimwandikie kwa Kiswahili, vipimo viwe vya kikombe. Ninaziandika wiki hii. Ni nyingi.